John Kani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mzee wa jukwaa

Kila filamu ya Wakanda au ya simba inapotoka, maswali kuhusu mzee huyu hurudi yaleyale. Nimekusanya hapa niliyoulizwa zaidi, na machache ambayo hakuna aliyeniuliza ingawa nilitamani mtu aniulize. Ukisoma yale ya juu ukaondoka, utakuwa umepata kile ambacho wengi hukijia. Mambo mazito yako chini.

Huyu ndiye yule mfalme, baba yake Black Panther?

Ndiye. Mfalme T'Chaka wa Wakanda alionekana kwanza mwaka 2016 katika Captain America: Civil War, akauawa na bomu kabla hatujamzoea. Mwaka 2018, katika Black Panther, alirudi akiwa marehemu anayezungumza na mwanawe huko waliko mababu. Jumlisha dakika zote hizo, hata chai haijapoa. Lakini alipozicheza alikuwa amevuka miaka 70, na alikuwa na zaidi ya miaka 50 jukwaani. Ukijiuliza kwa nini mtu aliyeonekana kidogo hivyo anakukaa kichwani, jibu lake ni hiyo miaka 50.

Wakanda iko upande wetu huu wa Afrika. Mbona wanaongea Kixhosa, si Kiswahili?

Hili ndilo swali namba moja la Watanzania na Wakenya, tena huulizwa kwa kinyongo kidogo. Kwenye filamu hizo Wakanda imewekwa Afrika Mashariki kweli. Kixhosa kiliingia kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni John Kani.

Wakati wa kutengeneza Civil War, baba na mwana walikuwa na mazungumzo yao. Kani aliona si jambo la kawaida kwa mzee wa Kiafrika na kijana wake kuongea Kiingereza wakiwa wawili tu. Akapendekeza watumie lugha yake, Kixhosa, ambayo ndiyo lugha ya mama yake na ya mtaa alikokulia. Chadwick Boseman alijifunza mistari yake kwa kuisikiliza kutoka kinywani mwa Kani. Ukisikiliza vizuri utamsikia akimwita "Tata", yaani baba. Waongozaji wakapenda, na ilipofika zamu ya Black Panther yenyewe, Kixhosa kikawa lugha ya nchi nzima. Ndiyo maana Lupita Nyong'o, Mkenya anayejua Kijaluo na Kiswahili, alilazimika kukaa chini ajifunze vidoko vya c, q na x.

Tusione uchungu sana. Kixhosa ni ndugu wa Kiswahili, wote ni Wabantu: mtu ni umntu, nyama ni inyama, na kufa ni ukufa. Tena Kani amelipa deni hilo kwa namna yake, soma swali linalofuata.

Na Rafiki wa Lion King je?

Huyo pia ni yeye, katika toleo la 2019 na katika Mufasa ya 2024. Katika katuni ya 1994 sauti ilikuwa ya Mmarekani Robert Guillaume. Kwa hiyo Mxhosa aliyewapa Wakanda lugha yake akaja kubeba jina la Kiswahili, katikati ya akina Simba, Sarabi na Pumbaa. Ngoma droo.

Jina lake kamili ni nani, na ametoka wapi?

Bonisile John Kani, aliyezaliwa mwaka 1943 New Brighton, kitongoji cha Waafrika kando ya mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Alisoma Newell High School, na hapohapo alisoma kijana mwingine, Winston Ntshona. Shika jina hilo, maana huwezi kumsimulia Kani bila Ntshona, kama ambavyo huwezi kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Kabla sanaa haijamlisha alifanya kazi kiwandani kwa Ford, kampuni ya magari. Kazi hiyo haikupotea bure, tutaikuta tena.

Aliingiaje kwenye maigizo? Alisomea chuo gani?

Hakusomea chuo chochote cha maigizo. Serikali ya Makaburu haikuwa na mpango wa kuwafundisha Waafrika mambo hayo.

Mwaka 1963 wakazi kadhaa wa New Brighton walimwendea Athol Fugard, mtunzi wa tamthilia, Mzungu aliyeishi mjini hapo, wakamwomba afanye nao kazi. Kikundi kikaitwa Serpent Players, Waigizaji wa Nyoka, kwa sababu pahali walipofanyia onyesho la kwanza palikuwa shimo la zamani la kufugia nyoka la jumba la makumbusho. Mchana watu hawa walikuwa makarani, walimu, watumishi wa nyumbani na vibarua. Usiku walikuwa waigizaji.

Kani alijiunga mwaka 1965, kikundi kilipokuwa kikiandaa Antigone, tamthilia ya kale ya Mgiriki Sophocles. Msichana Antigone anamzika kaka yake ingawa mfalme ameharamisha mazishi hayo, na kwa kosa hilo anahukumiwa kifo. Polisi walikuwa wakiwafuata wanakikundi, na mmojawao alikamatwa akapelekwa kifungoni kisiwa cha Robben. Nakuomba ulikumbuke hilo la dada anayezika kaka. Litamfuata Kani maisha yake yote.

Sizwe Banzi Is Dead inahusu nini hasa?

Inahusu kipande.

Wakenya wenye wazee nyumbani hawahitaji maelezo zaidi. Kile cheti ambacho Mwafrika wa Kenya ya mkoloni alilazimishwa kukivaa shingoni kikiwa na alama za vidole vyake, Afrika Kusini kilikuwa kitabu, na watu walikiita dompas. Bila mhuri sahihi huruhusiwi kukaa mjini, na bila ruhusa ya kukaa huwezi kutafuta kazi.

Sizwe Banzi ametoka King William's Town kuja Port Elizabeth kutafuta kazi. Amekamatwa, kitabu chake kimegongwa mhuri wa kumrudisha kwao. Usiku mmoja yeye na mwenyeji wake, Buntu, wanatoka kilabuni wakiwa wamelewa, wanakuta maiti barabarani. Mfukoni mwa maiti kuna kitabu chenye kibali halali cha kazi, kwa jina la Robert Zwelinzima. Buntu anabandua picha na kubadilishana. Sizwe Banzi anakufa kwenye karatasi, na mtu mwenye sura yake anaendelea kuishi kwa jina la marehemu ili watoto wake wale.

Tamthilia yote hiyo ina waigizaji wawili. Ntshona alikuwa Sizwe. Kani alikuwa Buntu, na pia Styles, mpigapicha anayefungua mchezo akiwa amekaa na gazeti mkononi. Styles anasimulia siku bosi mkubwa wa Ford kutoka Marekani alipokuja kutembelea kiwanda: sakafu zinasuguliwa, wafanyakazi wanapewa ovaroli mpya, wanaambiwa waimbe na watabasamu, halafu mgeni anapita kama upepo. Kani anaigiza bosi, msimamizi na wafanyakazi wenzake, wote kwa mdomo mmoja, na wewe mtazamaji unacheka mpaka unasahau kwamba unaonyeshwa utumwa. Hapo ndipo miaka ya kiwandani iliporudi na faida.

Ilionyeshwa kwanza Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space, Cape Town.

Nani aliitunga, Fugard au Kani?

Swali hili huzua ubishi kila mara. Jibu la haki ni kwamba waliitunga watatu: Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona. Walianza na picha tu. Ni picha ya studio ya mtu anayetabasamu, sigara mkono huu na kiko mkono ule. Wakajiuliza: Mwafrika wa Port Elizabeth anaweza kutabasamu hivi kwa sababu gani? Kani na Ntshona waliijua sababu, kitabu chake kilikuwa sawa. Basi wakaanza kuigiza bila maandishi, wakijaribu, wakitupa, wakibakiza. Fugard alikuwa jicho la nje na kalamu.

Magazeti ya ng'ambo kwa miaka mingi yameandika "tamthilia ya Fugard" na kuacha hapo. Mimi naona ni uvivu. Mtu aliyefanya kazi kwa Ford ni Kani, na waliobeba dompas mfukoni ni Kani na Ntshona. Fugard mwenyewe aliruhusu majina yote matatu yakae kwenye kitabu.

Ni kweli waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani?

Kweli kabisa, na kichekesho hiki kingefaa kuwa ndani ya mchezo wenyewe. Sheria ilitaka kila Mwafrika wa mjini awe na mwajiri na kazi inayotambulika. Kazi ya "mwigizaji" haikuwepo kwenye orodha ya kazi za Mwafrika. Ili Kani na Ntshona waache ajira zao na kuishi kwa sanaa, kwenye vitabu vyao waliandikwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Watumishi hao wa nyumbani ndio waliofika Royal Court ya London mwaka 1973, wakavuka hadi Broadway, New York, mwishoni mwa 1974. Mwaka 1975 walipewa tuzo ya Tony, ile kubwa ya maigizo ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia. Tuzo moja, watu wawili, kwa Sizwe Banzi na The Island kwa pamoja. Waliowapa hawakuweza kuwatenganisha.

The Island ndiyo ile ya gerezani?

Ndiyo. Ilionyeshwa kwanza 1973, palepale The Space, kwa jina jingine la kuficha, kwa sababu kutaja mambo ya kisiwa cha Robben hadharani kulikuwa ni kujitafutia matatizo. Wafungwa wawili wanaishi chumba kimoja. Majina yao ni John na Winston. Hawakubadilisha hata majina.

Mchezo unaanza bila neno. Wawili hao wanachimba mchanga, wanaujaza kwenye toroli, wanausukuma na kuumwaga pale mwenzake anapochimba. Kila mmoja anafukia shimo la mwenzake. Kazi haiwezi kwisha, na ndiyo maana walipewa. Mchanga haupo, wala koleo, wala toroli. Ni miili miwili na pumzi zao, kwa dakika nyingi mpaka watazamaji wanaanza kujikunakuna vitini. Usiku, katika chumba chao, wanafanya mazoezi ya Antigone kuwaonyesha wafungwa wenzao.

Hilo la Antigone gerezani halikuwa ubunifu mtupu. Yule mwenzao aliyekamatwa aliupeleka mchezo huo kisiwani akauonyesha huko. Na Nelson Mandela ameandika kwamba naye, akiwa mfungwa kisiwani humo, aliigiza Creon, yule mfalme katili anayekataza mazishi.

Nini kilitokea kwenye jicho lake?

Jicho lake la kushoto ni la bandia. Kwa mujibu wa Kani mwenyewe, aliporudi nyumbani mwaka 1975 kutoka safari ile ya Broadway alipokea simu kwamba baba yake anamhitaji. Njiani akazingirwa na polisi, wakampiga na kumwacha wakidhani amekufa. Jicho halikupona. Kwa hiyo kila ulichomwona akikifanya kwenye filamu, yule mfalme na yule jenerali wa Coriolanus utakayemkuta chini, amekifanya kwa jicho moja. Wengi hawajawahi kugundua.

Mwaka uliofuata, 1976, yeye na Ntshona walikamatwa Transkei, eneo lililotengewa Waxhosa, baada ya kuonyesha Sizwe Banzi. Makaburu walikuwa karibu kuipa Transkei "uhuru" wa bandia, na mchezo huo unaufanyia uhuru wa aina hiyo mzaha wa wazi. Waigizaji wa London na New York waliandamana mpaka wakaachiwa.

Mbona hakukimbilia uhamishoni kama wengine?

Alikuwa na jina kubwa ng'ambo na angeweza kubaki. Alirudi, na alichokirudia kilikuwa kinajengwa Johannesburg. Juni 1976, siku chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, Barney Simon na Mannie Manim walifungua Market Theatre katika soko kuukuu la matunda lililoachwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Kani alikuwa nao tangu miaka ya mwanzo, akaja kuwa mmoja wa viongozi wake. Watu weusi na weupe walikaa pamoja kwenye viti vyake wakati sheria haikutaka. Mwaka 1989 yeye na Simon walianzisha Market Theatre Laboratory, mahali pa kuwafundisha vijana wa vitongoji kazi ambayo yeye hakufundishwa na mtu. Tangu 2014 ukumbi mkuu wa Market unaitwa kwa jina lake.

Ni kweli watazamaji walitoka ukumbini kwa sababu ya busu?

Ndiyo, mwaka 1985, Baxter Theatre, Cape Town. Mchezo ulikuwa Miss Julie wa Msweden August Strindberg. Kani alicheza mtumishi na Sandra Prinsloo, mwigizaji Mzungu maarufu wa Kiafrikana, alicheza binti wa mwenye nyumba. Mwaka huohuo ndio sheria iliyokataza ndoa na mapenzi kati ya rangi mbili ilifutwa, lakini karatasi hufutika kabla ya mioyo. Walipobusiana, Wazungu wengi walinyanyuka wakatoka. Vitisho vikafuata.

Miaka miwili baadaye akafanya kubwa zaidi: Othello wa Shakespeare, Market Theatre, 1987, akiongozwa na Janet Suzman. Othello ni Mwafrika aliyeoa binti wa wakubwa Weupe, na Afrika Kusini ilikuwa imezoea kumwona akichezwa na Mzungu aliyejipaka rangi. Onyesho hilo lilirekodiwa na kurushwa kwenye televisheni ya Uingereza. Ukilipata, mtazame anavyomshika Desdemona uso. Usimtazame mdomo, tazama mikono.

Kwa nini hakuonekana sana kwenye televisheni enzi za ujana wake?

Kwa sababu haikuwepo. Makaburu waliiogopa televisheni, wakaizuia nchini hadi Januari 1976. Maana yake Kani alipata Tony kabla nchi yake haijawa na kituo cha televisheni. Chaneli za lugha za Kiafrika zilingoja hadi miaka ya 1980. Baadaye ameonekana kwenye skrini ndogo za nyumbani na za nje, ikiwemo Wallander ya Uingereza, katika kisa kinachotokea Afrika Kusini, na amerudi kumpa T'Chaka sauti kwenye katuni za What If...?

Kabla ya Marvel alicheza filamu gani?

Nyingi, na si zote nzuri. The Wild Geese ya 1978 inahusu mamluki wa Kizungu wanaoingia nchi ya Kiafrika kumwokoa rais aliyepinduliwa. Ntshona ni huyo rais, Kani ni mmoja wa askari. Siipendi, ingawa naelewa kwamba njaa nayo ni muongozaji. Kuna A Dry White Season (1989) na Sarafina! (1992). Katika Coriolanus ya Ralph Fiennes (2011) ni jenerali Cominius, na kila anapofungua mdomo unajua huyu Shakespeare hakumkuta ukubwani. Vijana wanamjua kwa Kanali Ulenga wa Murder Mystery (2019), mwenye jicho moja na mkono mmoja. Ni vichekesho vyepesi, na mzee anaonekana kufurahia.

Mbili zinatuhusu sisi moja kwa moja. The Ghost and the Darkness (1996) ni kisa cha simba wala watu wa Tsavo, mwaka 1898, wakati wa kujenga daraja la reli ya Uganda. Kani ni Samuel, na sauti yake ndiyo inayotusimulia. Nilimwona mara ya kwanza hapo, kwenye banda la video, fundi wa kutafsiri akipiga kelele juu ya sauti zote. Sauti ya mzee ikamshinda, ikapenya. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, si Kenya, na ukijua Tsavo utaona milima haifanani. Nyingine ni Endgame (2009), alipomcheza Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni. Watanzania wa umri fulani hawahitaji kuelezwa Tambo ni nani, chama chake kilikuwa na makao Morogoro.

Ameandika tamthilia za peke yake?

Ndiyo, na ya kwanza ndiyo kubwa. Nothing But the Truth ilitoka 2002.

Kwanza nirudi 1985. Mwaka huo mdogo wake Kani, aliyekuwa mshairi, alipigwa risasi na polisi akisoma shairi kwenye mazishi ya msichana wa miaka tisa. Msichana huyo naye alikuwa ameuawa katika ghasia. Kani, aliyekuwa amezunguka dunia kwa miaka akicheza kisa cha kaka anayenyimwa mazishi, akabaki na kaburi la mdogo wake mwenyewe. Alikaa na jambo hilo miaka 17 kabla ya kuliandika, na alipoliandika hakuliandika moja kwa moja.

Mhusika wake ni Sipho Makhaya, mzee wa miaka 63, msaidizi katika maktaba ya Port Elizabeth. Mdogo wake Themba amefia London, shujaa wa uhamishoni. Sipho ameandaa mazishi, jeneza linasubiriwa, ukoo umepewa taarifa. Mpwa anashuka kwenye ndege na kijichupa. Marehemu amechomwa, amerudi majivu. Yeyote aliyewahi kuchangishwa kusafirisha maiti kutoka Ulaya au Uarabuni atakielewa kimya cha mzee huyo bila maelezo. Na chini ya msiba kuna kinyongo: Themba alipendwa kuliko yeye tangu utotoni, akamchukulia kila kitu, na dunia ikamwita shujaa huku Sipho, aliyebaki na kuandamana na kuzika, hakuitwa chochote. Binti yake ni mkalimani kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano, basi nyumbani kuna tume ya pili.

Swali la nani anastahili shukrani, aliyekwenda uhamishoni au aliyebaki, wengine walikuwa wakilinong'ona. Kani alilipeleka jukwaani na kumcheza Sipho mwenyewe. Mwaka 2008 aliigeuza kuwa filamu, akiongoza na kuigiza, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya farasi wa fedha katika tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou. Huko Afrika Kusini tamthilia hiyo imesomwa sana shuleni.

Missing (2014) ilifuata, kuhusu mwanaharakati aliyesahauliwa Sweden. Ni nzuri, lakini ukiisoma baada ya ile ya kwanza utaona mwandishi anatembea kwenye njia aliyokwisha kuikanyaga.

Kunene and the King ilikuwaje?

Ilianza Stratford-upon-Avon mwaka 2019, miaka 25 baada ya uchaguzi wa kwanza huru wa Afrika Kusini, kwa ushirikiano na Royal Shakespeare Company. Mwigizaji mzee wa Kizungu anakufa kwa saratani ya ini, na anataka kumcheza King Lear, yule mfalme wa Shakespeare, kabla hajaondoka. Muuguzi anayetumwa kumhudumia ni Lunga Kunene, ambaye ni Kani. Mgonjwa alichezwa na Antony Sher, mzaliwa wa Cape Town, waliyekuwa wameshirikiana naye 2009 katika The Tempest. Sher mwenyewe alifariki Desemba 2021, kwa saratani.

Ndani yake kuna pahali pa kututekenya sisi. Kunene anaghani hotuba ya Marko Antoni, kutoka Julius Caesar wa Shakespeare, kwa Kixhosa, katika tafsiri ya B. B. Mdledle ambayo Kani aliisoma shuleni. Mzee amewahi kutania kwamba alipokuja kuisoma tamthilia hiyo kwa Kiingereza aliona Shakespeare hakumfikia Mdledle. Sisi tuliosoma Juliasi Kaizari wa Mwalimu Nyerere tunajua utani huo una ukweli ndani.

Winston Ntshona yuko wapi?

Alifariki Agosti 2018. Kabla ya hapo wawili hao walirudia michezo yao ya ujana wakiwa wazee: The Island London mwaka 2000, na Sizwe Banzi tangu 2006, wakiifikisha London na New York tena. Babu wa miaka zaidi ya 60 akimcheza kijana anayetafuta kazi, na hakuna aliyecheka pasipostahili. Fugard naye alifariki Machi 2025. Katika wale watatu waliokaa kuitazama picha ya mtu mwenye sigara na kiko, amebaki Kani.

Yule T'Chaka kijana kwenye Black Panther mbona anafanana naye?

Kwa sababu ni mwanawe wa kumzaa, Atandwa Kani, mwigizaji kwa haki yake.

Ana tuzo gani nyingine?

Serikali yake ilimpa nishani ya Ikhamanga ya fedha mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Cape Town kikampa udaktari wa heshima 2006, na Uingereza ikampa nishani ya OBE ya heshima 2023. Ziko nyingine nyingi, orodha inachosha.

Kikundi chetu ni kidogo na hatuna pesa. Tunaweza kucheza kazi zake?

Mnaweza, mkishapata ruhusa ya wenye haki, na umaskini wenu hapo hauna hasara. Sizwe Banzi inataka waigizaji wawili, meza, kiti na kamera hata ya kuazima. Nothing But the Truth inataka watatu na sebule. Kama mnataka kujipima kabla ya kushika maandishi yoyote, fanyeni kile cha mwanzo wa The Island: watu wawili, uwanja mtupu, mchanga usiokuwepo. Chimba, jaza, sukuma, mwaga. Msiseme neno. Jirani akipita akasimama kuuliza mnajenga nini, endeleeni.